UZI: Pesa za dharura za vita, kuanzia herufi T ya Tabora 1916 hadi vibati vya wenye maduka wa Marekani 1863

#1 Mwana wa Isevya

Wakuu, habari za majukumu.

Nakusanya sarafu hapa Tabora, na kila nikitaja sarafu za zamani swali la kwanza ni lile lile: "Rupia ya Mjerumani unanunua kwa ngapi?" Naomba uzi huu tuuweke kwenye jambo ambalo halizungumzwi hata kidogo, nalo ni pesa ndogo ndogo zilizotengenezwa kwa haraka wakati wa vita, chenji ilipotoweka sokoni. Na ndani ya hizo, nazipenda zaidi zile ambazo hazikutolewa na serikali yoyote. Mwenye duka aliona mambo yanakwama, akaenda kwa fundi wa chuma, akapiga vibati vyenye jina lake, akaviingiza mtaani, na watu wakavipokea.

Nianze na Marekani, maana huko ndiko jambo hili lilifika mbali. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Aprili 1861. Mwishoni mwa Desemba mwaka ule mabenki yakaacha kubadilisha noti kwa dhahabu. Kuanzia hapo kila mwenye akili aliificha dhahabu, kisha fedha, na kufikia katikati ya 1862 hata senti moja, ambayo haikuwa na thamani ya maana, ilianza kufichwa ndani. Sasa fikiria muuza mikate. Mteja anakuja na noti, mkate ni wa senti chache, na droo haina kitu. Hapa kwetu kila mtu anaijua ile ya "chenji sina, chukua pipi", lakini pipi ni usumbufu wa dakika moja. Wao nchi nzima ilikuwa imekosa pipi na imekosa chenji.

Serikali ilijaribu kwanza kwa stempu za posta. Sheria ya tarehe 17 Julai 1862 iliruhusu stempu zitumike kulipia kile mtu anachodaiwa na serikali, watu wakazibeba mfukoni zikaloa jasho na kugandana. Hapo akatokea mtu anaitwa John Gault, akapata hataza Agosti 1862 ya kuifunga stempu ndani ya kibati cha shaba njano, mbele kaweka mika, yale madini yenye kung'aa na kupitisha mwanga, ili stempu ionekane. Nyuma ya kibati aliuza nafasi ya tangazo kwa wafanyabiashara. Leo hivi vinatafutwa kwa bei kubwa, na ukikiona kimoja ambacho mika yake haijapasuka, umeona kitu.

Lakini dawa ya kweli ilikuja kutoka kwa wenye maduka. Magharibi, hasa Cincinnati katika jimbo la Ohio, walianza mwishoni mwa 1862, na 1863 ikawa mafuriko. Vinyozi, wauza nyama, wauza dawa, wenye vilabu vya bia, kila mmoja na kibati chake chenye ukubwa ule ule wa senti, kama milimita 19, kingi cha shaba. Upande mmoja jina la duka, kazi yake na mtaa wake. Upande wa pili mara nyingi picha ya kukodi: mchonga chapa alikuwa na chapa za chuma zilizo tayari, kichwa cha Uhuru (mwanamke anayewakilisha uhuru), tai, bendera, kichwa chenye manyoya kilichoigwa kwenye senti ya serikali, na wewe mteja ulichagua. Ndiyo maana unakuta picha ile ile kwa muuza mboga na kwa muuza viatu. Inakadiriwa vilipigwa zaidi ya milioni 25. Wengine hawakuweka jina la duka lolote, waliandika maneno ya kuipenda nchi tu, na wakusanyaji hulitenga kundi hilo peke yake.

Kuna ujanja mmoja ambao mtu anapaswa kuuona kwa macho yake. Ili wasishtakiwe kwa kughushi, baadhi waliandika NOT ONE CENT, yaani "si senti moja", lakini lile neno la kukana likawekwa dogo kabisa juu, na ONE CENT ikachongwa kubwa katikati. Anayepokea chenji kwa haraka anaona senti moja. Mwanasheria akija, anaonyeshwa neno dogo.

Sasa jambo ambalo ndilo limenifanya nifungue uzi. Kibati kile kilikuwa na thamani kwa muda ambao mwenye jina alikubali kukipokea arudishe pesa halali. Basi. Hakikuwa na dhahabu ndani, kukitengeneza kulikuwa chini ya senti moja, na tofauti ilikuwa faida yake. New York kulikuwa na mwenye baa aitwaye Gustavus Lindenmueller, alitoa zaidi ya milioni moja. Watu walilipia nauli kwavyo kwenye tramu za farasi za kampuni ya Third Avenue, kampuni ikavipokea kwa nia njema, ikajaza, ikampelekea avikomboe. Akakataa, na kampuni haikuwa na sheria ya kumkamata nayo. Mkasa ule ulichangia serikali kuchukua hatua: sheria ya tarehe 22 Aprili 1864 ikabadilisha senti kuwa ya shaba nyembamba na kuzuia watu binafsi kutoa senti zao, na ya tarehe 8 Juni 1864 ikafunga mlango kabisa. Angalieni hilo la kwanza kwa makini. Serikali iliona watu wanakubali kipande chembamba cha shaba kutoka kwa kinyozi, ikajua nayo haihitaji kuweka nikeli ya gharama ndani ya senti. Mwenye duka ndiye aliyeifundisha serikali.

Turudi nyumbani. Miaka 52 baada ya hapo, mji wetu huu ulikuwa na shida ile ile, na tuna sarafu za kushika mkononi zinazoeleza. Rupie ya Kijerumani iligawanywa kwa heller 100 tangu 1904, na sarafu zote zilipigwa Ujerumani na kuja kwa meli. Ndiyo zile zenye herufi A ya Berlin au J ya Hamburg. Vita vilipoanza 1914 Mwingereza akafunga bahari. Jeshi lilihitaji kulipa askari, wapagazi na chakula, huku rupie za fedha zikifichwa ndani kama kawaida ya watu wakati wa vita. Benki ya Deutsch-Ostafrikanische ikatoa noti za muda, za mwanzo zina tarehe 15 Machi 1915, zilizochapwa humu humu nchini kwenye karatasi yoyote iliyopatikana. Mwaka 1917, wakiwa wamesukumwa kusini, walichapa noti kwa herufi za mpira, na wakusanyaji huziita noti za porini.

Na 1916, hapa Tabora, kwenye karakana ya reli, zikapigwa sarafu. Heller 5 za shaba njano kama laki tatu, heller 20 za shaba njano na nyingine za shaba nyekundu, na dhahabu ya rupie 15 kwa dhahabu ya Sekenke kule Iramba. Shaba njano ilitokana na maganda ya mizinga. Chini zina herufi T. T ya Tabora. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Kongo ya Mbelgiji chini ya jenerali wao Tombeur yakaingia mjini, na kazi ikaishia hapo.

Wote wanakimbilia ile dhahabu yenye tembo. Mimi nawaambia heller 20 ndiyo ya kukusanya. Zilipigwa nyingi, bei yake ni ya mtu wa kawaida, na hazifanani. Kuna taji kubwa na taji dogo. Chukua kioo cha kukuzia, tazama zile L mbili za neno HELLER: kuna zenye ncha kali na kuna ambayo mguu wa L ya pili umejikunja. Unene unapishana, uzito unapishana, nyingine picha imekaa pembeni kwa sababu kibati hakikukaa sawa kwenye chapa. Ni sarafu ambayo unaona mkono wa mtu.

Karibuni. Mwenye kipande, mwenye swali, mwenye hadithi ya wazee, aweke.

#2 Konda Mstaafu

Mkuu uzi mzuri, nimeusoma wote. Nina swali la mtu wa mtaani. Kwa nini yule muuza mikate asimwandike mteja kwenye daftari? Mbona sisi zama zetu kwenye basi, chenji ikikosekana, tulikuwa tunaandika nyuma ya tiketi, "anadai mia mbili", abiria akishuka anachukua. Haikuhitaji kupiga sarafu.

#3 Mwana wa Isevya

Ahsante kaka, swali zuri sana, na hiyo tiketi yako ni ndugu wa damu wa vibati hivi. Daftari linafanya kazi kwa mteja unayemjua. Cincinnati ya 1863 ilikuwa mji mkubwa wenye wapita njia na wanajeshi. Mgeni hakubali deni, na wewe humkubali yeye. Kibati kinazunguka: muuza mikate anampa mteja, mteja anakipeleka kwa kinyozi, kinyozi kwa muuza bia, na siku kikirudi kwa mwenyewe kimeshafanya kazi ya chenji mara nyingi. Tiketi yako ingekuwa hivyo endapo abiria angeweza kununulia muhogo kwa mama wa stendi, na yule mama akaja kwako kudai. Je, ilishawahi kutokea?

Kulikuwa pia na wafanyabiashara wenye kibali cha kufuata kambi za jeshi, wanauza tumbaku, biskuti na vikorokoro. Walitoa vibati vyao vyenye namba ya kikosi, askari anakopeshwa kabla ya mshahara, lakini anaweza kununua kwa yule yule tu. Hapo chenji imegeuka kamba ya kumfungia mtu. Vibati vya kambini ni adimu na bei yake iko juu.

#4 Konda Mstaafu

Ilitokea mkuu. Stendi mama ntilie walikuwa wanazipokea tiketi zetu kwa sababu basi linarudi kesho. Basi likiharibika njiani wiki nzima, hakuna mama anayeipokea tena. Nimekuelewa sasa.

#5 Mzee wa Karakana

Vijana, salamu. Nimefanya kazi reli maisha yangu yote, sasa nimepumzika. Niongeze upande wa fundi, kwa sababu mkusanyaji akijua kitu kilivyotengenezwa atakijua cha kughushi.

Ganda la mzinga ni shaba njano ngumu, maana kiwandani lilivutwa likiwa baridi. Huwezi kulipiga sarafu likiwa vile. Lazima ulipasue, ulipashe moto hadi liwe jekundu kidogo, liachwe lilegee, ndipo upitishe kwenye mashine ya kubana bati hadi upate unene. Halafu unakata vidonge kwa tundu na msumari wake, kisha kila kidonge kinawekwa kati ya chapa mbili na kushindiliwa. Usipolipasha vizuri, kidonge kinapasuka pembeni. Usipobana sawasawa, huku nene huku nyembamba. Chapa nayo ikichoka inapata ufa, na ufa ule unaonekana kwenye sarafu kama mstari ulioinuka, wala si mkwaruzo.

Kwa hiyo ukiona heller 20 yenye ufa mdogo ukingoni na maandishi yaliyofifia upande mmoja, usiitupe ukidhani ni mbovu. Ile ni kazi ya watu waliokuwa na haraka, adui yuko njiani. Ya kughushi mara nyingi imemiminwa kwenye kalibu: uso wake una vitundu vidogo kama ngozi ya chungwa, na ukingoni kuna mshono.

#6 Mwana wa Isevya

Shikamoo mzee wangu. Hiki ulichoeleza ni darasa kamili, na maneno yako yanafaa kubandikwa juu ya uzi. Hilo la ufa wa chapa linahusu vibati vya Marekani vilevile: wataalamu hufuata ufa unavyokua kutoka kipande hadi kipande, na kwa njia hiyo hujua chapa moja ilitumika kwa duka lipi kwanza na lipi baadaye. Yaani bila karatasi yoyote ya fundi, unapanga ratiba ya karakana yake.

#7 Binti Ujiji

Habari zenu. Niko Kigoma. Kaka Mwana wa Isevya, uzi umenigusa lakini nina pingamizi. Sarafu za Tabora si tokeni, yaani si vibati vya watu binafsi. Zilitolewa na serikali ya kikoloni, kwa amri, na aliyekataa kuipokea alikuwa anagombana na askari. Vibati vya Cincinnati vilipokelewa kwa hiari. Ukiviweka kwenye kapu moja unamfichia aliyelazimishwa.

Na ukitaka pesa ya soko ya huku kwetu, nenda nyuma zaidi. Ujiji sokoni, kabla Mjerumani hajafika, wageni waliopita miaka ya 1870 walikuta watu wananunua samaki na mawese kwa ushanga wa sofi, vipande vyeupe kama bomba la kiko lililovunjika. Mgeni akija na kitambaa au ushanga wa aina nyingine, anabadilisha kwanza kupata sofi, ndipo anaingia sokoni. Ilikuwa pesa ambayo soko lenyewe ndilo lililoikubali. Hiyo kwangu iko karibu zaidi na kinyozi wako kuliko herufi T.

#8 Mwana wa Isevya

Dada, pingamizi limepokelewa, na lina nguvu. Ni kweli, kisheria sarafu ya Tabora ni pesa ya serikali na kibati ni ahadi ya mtu binafsi. Nimeziweka pamoja kwa sababu zimezaliwa na njaa moja: vita, chuma kufichwa, soko kukwama. Lakini suala la nani alilazimishwa ni kubwa kuliko mpangilio wa kabati langu, na tusiliruke. Mpagazi aliyebeba mzigo wa jeshi na kulipwa kwa noti ya muda hakuwa na nafasi ya kusema "mimi nataka fedha". Noti ile ilikuwa ahadi ya serikali ambayo baada ya miezi haikuwepo tena hapa. Lindenmueller aliiumiza kampuni ya tramu. Huku kwetu waliumia watu waliokuwa na mzigo kichwani.

Ndiyo maana nasisitiza tuandike hadithi za familia pamoja na kipande. Karatasi moja ya benki iliyokunjwa ndani ya Msahafu wa babu inaeleza jambo ambalo kabati la Ulaya haliwezi kueleza: nani aliipokea, kwa kazi gani, na kwa nini hakuitupa hata ilipokufa.

Kuhusu sofi nakubaliana nawe moja kwa moja. Kama kuna mtu wa Ujiji ana shanga hizo kwenye urithi, zipimwe, zipigwe picha, zirudi kwa mwenyewe.

Na msisahau kuwa shida haikuisha 1916. Vita vya pili, sarafu zikapungua tena Afrika Mashariki, na Bodi ya Sarafu ikatoa noti ya shilingi moja yenye tarehe 1 Januari 1943. Noti! Shilingi ilikuwa sarafu tangu 1921. Ukiipata noti ile kwa wazee wa mjini, ina historia hiyo hiyo, na ni njia rahisi ya mtu mpya kuanza.

#9 Sonara wa Sokoni

Niingie kwenye dhahabu, maana ndiko watu wanakoibiwa. Ile rupie 15 yenye tembo zilipigwa 16,198 tu, na kuna aina mbili, kutegemea ncha ya pambo lililochongwa kwenye sarafu inaishia chini ya T au chini ya A katika neno OSTAFRIKA. Uzito wake ni gramu 7.168, dhahabu ya 750, yaani karati 18. Nimeletewa nyingi dukani. Nyingi ni shaba iliyopakwa.

Kipimo si kung'ata wala kusugua. Kipande cha dhahabu hiyo kina uzito wa kama mara 15 ya maji. Shaba njano ni kama mara 8 na nusu. Kwa hiyo shaba ya ukubwa ule ule haitafika gramu 7, itakuwa kama 4 hivi. Wajanja wakitaka kufikisha uzito wanaifanya nene au pana. Funga kwa uzi mwembamba, pima ikiwa kavu, kisha pima ikiwa imening'inia ndani ya maji bila kugusa chini. Ya kweli itapungua karibu nusu gramu. Ikipungua zaidi ya hapo kwa wazi, mrudishie mwenyewe kwa heshima.

#10 Mpambanaji Sikonge

Wakuu mimi nina rupia ya 1916 original, nyekundu, imepatikana shambani. Kuna watu wameniambia ina madini ya siri ndani na kuna mzungu anailipa milioni 400, lakini natakiwa kwanza nitoe laki nane ya kipimo. Nifanyeje? Naombeni msaada wa haraka.

#11 Mwana wa Isevya

Ndugu yangu, usitoe hata shilingi. Nakuomba kama mtu wa familia. Mnunuzi wa kweli wa sarafu hamwambii muuzaji alipie kipimo. Hakuna madini ya siri ndani ya heller, ni shaba kama alivyoeleza mzee wa karakana, na heller 20 nyekundu ya kawaida sokoni ni ya makumi ya dola, si mamilioni. Wanaokupigia watachukua laki nane kisha watakuja na "kibali", kisha "usafiri wa mzungu", hadi uuze ng'ombe.

Na hilo la shambani: kama jembe limeitoa, sawa, andika ni shamba gani na kina gani. Lakini msiende kuchimba kwenye maboma, makaburi au chini ya mibuyu kwa kuambiwa Mjerumani alizika. Watu wamefukiwa na udongo kwa ajili ya maneno haya. Na mwenye kutaka kupeleka kitu cha kale nje ya nchi aulize kwanza ofisi ya Mambo ya Kale.

Weka picha hapa, pande zote mbili, pamoja na ukingo.

#12 Binti Ujiji

Mpambanaji, sikiliza ushauri huo kaka yangu. Jirani yetu alipoteza boti kwa hadithi kama hiyo hiyo.

Mwana wa Isevya, anayetaka kuanza na vibati vya Marekani akiwa Kigoma anaanzia wapi? Posta, forodha, bei?

#13 Mwana wa Isevya

Dada, anza na vya kawaida vya 1863 visivyo na jina la duka, au vya maduka ya Cincinnati yaliyotoa vingi. Kipande kizuri kinaanzia dola kumi na tano au ishirini na kitu. Tumieni oda moja watu wawili watatu, gharama ya kusafirisha inagawanyika, na mwambie muuzaji aandike thamani halisi ili forodha isikusumbue.

Kabla ya kununua, jifunze namba. Mtu na baba yake, George na Melvin Fuld, ndio waliopanga orodha ambayo mpaka leo kila muuzaji anaitaja, na kuna chama cha wakusanyaji, Civil War Token Society, kilichoanzishwa 1967. Uadimu huandikwa R1 hadi R10. R1 ni vinavyojulikana zaidi ya 5,000, R10 ni kimoja peke yake duniani. Muuzaji akikwambia "adimu sana" bila namba, muulize namba.

Usinunue kwa mpangilio wa herufi wala kwa kutaka kujaza kila pengo. Chagua jambo moja unalolijua kwa mikono yako. Mimi nachukua vya wauza vyakula, kwa sababu nimekulia dukani. Fundi cherehani achukue vya washonaji. Mtu anayependa makosa ya mafundi atafute kile maarufu chenye maneno ya Jenerali Dix kuhusu bendera, "atakayejaribu kuishusha, mpige risasi papo hapo", ambapo mchonga chapa aliandika SPOOT badala ya SPOT na hakurekebisha.

Kutunza ndiko tunakoharibu. Shaba isisuguliwe kwa ndimu, ukwaju, majivu wala msasa. Najua nyumbani ndivyo tunavyong'arisha vyombo, na sarafu inatoka inawaka kama jua, lakini umeondoa ngozi yake ya miaka mia na wala hairudi. Ikiwa na udongo, iloweke kwenye maji safi, badilisha maji kila siku, kausha kwa kitambaa laini bila kusugua. Masika weka kwenye kopo linalofunga, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali iepukeni, inatoa ukungu wa kijani kwenye shaba.

#14 Mpambanaji Sikonge

Nimewasikia wakuu, nimewazuia wale jamaa kwenye simu. Picha zimegoma kupanda, mtandao huku ni wa shida, acha nieleze. Ni nyekundu iliyofifia, siyo njano. Upande mmoja kuna taji, chini yake 1916 na herufi D.O.A. Upande wa pili 20 na HELLER, kuna majani yamezunguka, na T ndogo chini. Taji ni dogo. L zote mbili zina ncha kali. Ukingo mmoja una mstari umeinuka unatoka kwenye jani mpaka nje. Kuna tundu limetobolewa juu, nadhani mtu alikuwa anaivaa.

#15 Mwana wa Isevya

Umeeleza vizuri kuliko picha nyingi ninazotumiwa. Hiyo ni heller 20 ya shaba nyekundu, taji dogo, L zenye ncha. Mstari ulioinuka ni ufa wa chapa, kama alivyosema mzee. Tundu linaishusha bei kwa wanunuzi wa nje, lakini kwangu linaipandisha hadhi: baada ya kuacha kuwa pesa, mtu wa Sikonge aliipa kazi nyingine shingoni mwake au kwa mtoto wake.

Usiiuze wiki hii. Waulize wazee wa ukoo shamba lile lilikuwa la nani kabla yenu, na kama kulikuwa na nyumba pale. Andika majibu, weka pamoja na sarafu. Ukija Tabora mjini nijulishe, nitaipima uzito na unene na Sonara, na Mzee wa Karakana akiridhia aiangalie huo ufa.

#16 Mzee wa Karakana

Marahaba, nitaiangalia. Aje siku yoyote asubuhi, na asiisafishe.